Ndege wa Aldabra Walikuwa na Kamati

Chukua ramani ya Bahari ya Hindi, weka kidole Lindi, halafu kisogeze mashariki. Utavuka maji matupu, utaiacha Komoro upande wa kusini, na kabla hujafika popote pa maana utagonga kitone kidogo ambacho ramani nyingi hazihangaiki hata kukichora. Hicho ndicho Aldabra. Kisheria ni sehemu ya Shelisheli, lakini Mahé, kisiwa chenye mji mkuu wao, kiko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapo. Bara letu la Afrika liko kama kilomita 640 tu. Yaani Aldabra iko karibu na sisi kuliko ilivyo karibu na serikali yake yenyewe, na bado ukiwauliza watu kumi pale Posta au Kariakoo, tisa watakuambia ni dawa ya minyoo.

Nimeanza kuisoma historia ya kisiwa hiki kwa sababu ya matangazo. Mnayajua: njoo ujitolee kisiwani, uhesabu samaki, upime matumbawe, uokoe kasa. Picha huwa ni zilezile, msichana wa Kizungu mwenye miwani ya kuzamia na mchanga mweupe nyuma yake. Na nauli, chakula na malazi unalipa wewe. Rafiki zangu wengi huyacheka. Eti mtu anatoa pesa ili afanyishwe kazi! Lakini nikiwaambia kwamba kuna mahali ambapo watu waliokwenda kuhesabu kobe na ndege walisaidia kuzuia kambi ya jeshi la anga la Uingereza, hunyamaza kidogo. Halafu nikiwaambia kilichotokea kwenye visiwa vingine vya koloni hilohilo, hunyamaza zaidi.

Kwanza tuione Aldabra yenyewe. Si kisiwa kimoja. Ni pete ya visiwa vya matumbawe, vinne vikubwa (Picard, Polymnie, Malabar na Grande Terre), iliyozunguka maji ya ndani yenye kina kifupi. Pete nzima ina urefu wa kilomita kama 34. Bahari inapopwa, maji ya ndani hukimbilia nje kupitia milango michache kama mto uliofurika, na inapojaa hurudi kwa kasi ileile. Nchi kavu ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioinuka mita chache tu juu ya bahari, na mvua na chumvi vimeuchonga mpaka umekuwa visu. Ukiteleza, umechanika. Maji ya kunywa ya kudumu juu ya ardhi hakuna. Ndiyo maana hakuna sultani, Mreno wala Mfaransa aliyepahangaikia sana, na ndiyo maana kobe wakubwa walisalia.

Visiwa vingi vya Bahari ya Hindi vilikuwa na kobe wa aina hii, wanyama wa zaidi ya kilo 200. Mabaharia waliwapenda kwa sababu mbaya: kobe anaweza kukaa miezi kwenye tumbo la jahazi bila chakula wala maji, akisubiri zamu yake ya kuchinjwa. Friji kabla ya friji. Morisi, Réunion na Rodrigues waliwamaliza kabisa. Aldabra, kwa ubaya wa mwamba wake, ilibaki nao.

Mwaka 1874 habari zilifika London kwamba kuna watu wanataka kuikodi Aldabra wakate miti. Wanasayansi wakubwa wa wakati ule, Charles Darwin na Joseph Hooker wakiwemo, wakamwandikia barua gavana wa Morisi, Arthur Gordon, kumwomba awalinde kobe. Hiyo ni moja ya barua za mwanzo kabisa duniani za kuomba kiumbe kisimalizwe. Nawaomba mkumbuke mwaka huo kwa jambo jingine: ni mwaka mmoja tu tangu soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, 1873. Sisemi Darwin hakujali watumwa. Alichukia utumwa na aliandika hivyo. Nasema tu kwamba bahari ni moja, miaka ni ileile, na wanaoombewa ni wa namna mbalimbali.

Baadaye, mwaka 1954, akaja Jacques Cousteau na meli yake Calypso. Filamu aliyoitoa mwaka 1956 ilipata tuzo kubwa Cannes na Oscar pia, na ndiyo iliyowafundisha watu wengi wa dunia ile kwamba chini ya bahari kuna uzuri. Itazame leo ushangae. Mabaharia wake wanapanda migongo ya kobe kama punda. Kisha, ili wajue mwamba una samaki wa aina gani na wangapi, wanaulipua kwa baruti na kuokota maiti. Kwa jina la utafiti! Mvuvi wetu wa Dar au Mtwara akikamatwa na baruti anakwenda jela, na inastahili, lakini mwenzake alipewa Oscar.

Sasa tufike penyewe, miaka ya 1960.

Uingereza ilikuwa inaondoka Afrika Mashariki. Tanganyika huru 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963. Viwanja vya ndege vya kijeshi vilikuwa vinageuka kuwa vya watu wengine, na watu hao wangeweza kusema hapana. Marekani nayo ilikuwa inatafuta pa kuweka miguu katika Bahari ya Hindi. Jeshi lao la majini lilikuwa na wazo ambalo kwa karatasi linaonekana la akili kabisa: tafuteni visiwa vidogo vyenye watu wachache au visivyo na watu, mvichukue sasa hivi kabla upepo wa uhuru haujavifikia.

Ndipo tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ikaunda koloni jipya. Jamani, koloni jipya, mwaka 1965! Liliitwa Eneo la Uingereza la Bahari ya Hindi, kwa kifupi BIOT. Chagos ikanyofolewa kutoka Morisi, na Aldabra, Farquhar na Desroches vikanyofolewa kutoka Shelisheli. Morisi ilikuwa inajadili uhuru wake na ikapewa pauni milioni 3 kwa kipande kilichokatwa. Shelisheli ikajengewa uwanja wa ndege wa kimataifa kule Mahé. Ukitua leo Shelisheli kwa ajili ya fungate, unatua kwenye malipo hayo.

Mpango wa Uingereza kwa Aldabra ulikuwa kujenga uwanja wa ndege za kijeshi. Kwa nini pale? Kwa sababu palionekana patupu. Kulikuwa na vibarua wachache tu wa Kishelisheli waliokuwa wakifanya kazi kwa mkataba. Kwa mwanajeshi mwenye ramani mezani, Aldabra ilikuwa mwamba wenye nafasi ya kutosha njia ya kurukia ndege.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeona tofauti. David Stoddart, mwanajiografia wa Cambridge, wakati huo hajafika miaka 30. Alikuwa ameshafanya utafiti Addu, atoli ya Maldivi yenye uwanja wa ndege za kijeshi za Kiingereza, kwa hiyo alijua kwa macho yake kambi inakifanya nini kisiwa cha matumbawe. Mwaka 1966 akaifikia Aldabra. Aliyoyaona huko hayakuwa patupu. Kobe kwa maelfu. Kasa wakipanda kutaga. Ndege wakubwa wa bahari, wale ambao dume hujaza kifuko chekundu chini ya shingo kama puto, wakiwa wamejazana kwenye mikoko katika moja ya makoloni makubwa kabisa duniani. Na ndege mmoja mdogo, saizi ya kuku mchanga, asiyeruka kabisa, wa mwisho wa aina yake katika visiwa vyote vya upande huu wa Bahari ya Hindi.

Royal Society ya London, kile chama kikongwe cha wanasayansi, ikaandaa msafara. Ulianza Agosti 1967. Soma vizuri lengo lake: hawakwenda kwa sababu kisiwa kimeokolewa, walikwenda kwa sababu kilikuwa kinakaribia kuharibiwa. Ni kama kupiga picha nyumba ya babu wakati tingatinga limeshawashwa nje. Walikuwa watu wa vyuo vikuu na wa makumbusho, wa mimea, wa wadudu, wa ndege, wa miamba, wakifika kwa zamu, wakiishi kwa maji ya mvua na kuchanika viatu kwenye mwamba. Hawakuwa watu wa kujitolea kwa maana ya matangazo ya siku hizi, lakini sidhani kuna aliyekwenda kule kutafuta utajiri.

Huku nyumbani kwao kelele zikapanda. Wanasayansi wa Uingereza na wa Marekani waliandika kwenye majarida na magazeti. Mbunge mmoja wa chama tawala cha Labour, Tam Dalyell, akawa mwiba. Aliuliza bungeni swali baada ya swali: kambi itagharimu kiasi gani, itafanya kazi gani, ndege za chuma zitafanyaje na ndege wa manyoya wanaoruka kwa maelfu kuzunguka njia ya kurukia? Hilo la mwisho lilikuwa la kijanja. Mwanajeshi unaweza usimguse kwa kumwambia habari za uzuri wa viumbe, lakini mwambie kwamba injini yake itameza ndege mwenye mabawa ya mita 2, atakusikiliza.

Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson ikashusha thamani ya pauni, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Hela hakuna. Mwezi huohuo kambi ya Aldabra ikafutwa.

Hapa wanahistoria hubishana, na mimi nina msimamo wangu. Wapo wanaosema wanasayansi hawakuokoa chochote, kilichookoa ni kuporomoka kwa pauni. Kweli, kama pauni ingekuwa na nguvu sijui kama kobe wangeshinda. Lakini serikali yenye shida ya hela huwa na orodha ndefu ya vitu vya kukata, na hukata kwanza kile ambacho kikikatwa kuna watu watapiga makofi. Kelele za miezi ile ziliifanya Aldabra kuwa kitu rahisi kukata. Na kelele zile zilisikika kwa sababu kulikuwa na mtu aliyefika, akaona, akarudi na hesabu mkononi. Bila safari ya 1966 na ya 1967, Aldabra ingebaki kuwa neno tu kwenye faili la Wizara ya Ulinzi.

Sasa ile sehemu isiyopendeza.

Katika koloni hilohilo la BIOT, mbali sana mashariki, kuna Chagos, na katika Chagos kuna Diego Garcia. Huko hapakuwa patupu. Kulikuwa na watu kati ya 1,500 na 2,000 hivi katika visiwa vya Diego Garcia, Peros Banhos na Salomon. Mababu zao waliletwa na Wafaransa tangu mwishoni mwa karne ya 18 kulima minazi, wakiwa watumwa, wengi kutoka Madagaska na Msumbiji. Na sisi wa huku tusijione wageni katika habari hii. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Wafaransa, na Morisi ndiyo iliyokuwa mlango wa kwenda Chagos. Vizazi vitano, sita baadaye watu hawa walikuwa na Krioli yao, makanisa yao, makaburi yao, mbwa wao na nazi zao.

Desemba 1966 Uingereza na Marekani ziliandikiana makubaliano: Marekani itatumia visiwa hivyo kwa miaka 50. Mkataba haukutaja malipo ya kodi, ila Uingereza ilipunguziwa dola milioni 14 kwenye bei ya makombora ya Polaris. Na sharti la wakubwa lilikuwa kwamba kisiwa kiwe hakina mtu.

Kuna karatasi za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza za Agosti 1966 ambazo baadaye zilitolewa mahakamani. Mkubwa mmoja wa wizara anaandika kwamba lengo ni kupata miamba itakayobaki yao, na kwamba hakutakuwa na wenyeji isipokuwa ndege wa bahari, ambao bado hawana kamati ya kuwatetea. Ni utani, alikuwa anaikejeli Umoja wa Mataifa na kamati zake. Mwenzake anajibu chini yake kwa masikitiko ya kejeli kwamba, bahati mbaya, pamoja na ndege hao kuna watu wachache pia, na anawataja kwa majina ya watu wa porini wa kwenye hadithi na filamu za Kizungu.

Nimeisoma habari ya karatasi hiyo mara nyingi na kila mara najikuta nasimama palepale kwenye kamati. Kwa sababu mwaka mmoja tu baadaye, kule Aldabra, ndege walikuwa nayo! Walikuwa na Royal Society, walikuwa na Cambridge, walikuwa na mbunge mwiba, walikuwa na barua magazetini. Waliokosa kamati ni watu.

Stoddart mwenyewe alifika Diego Garcia mwaka 1967, kwenye meli ya upimaji ya jeshi la majini, Vidal. Aliandika utafiti mzuri wa jiografia na viumbe vya kisiwa, ukachapishwa 1971. Machoni mwa mtu wa viumbe, Diego Garcia haikuwa na upekee wa Aldabra. Minazi ilikuwa imeshaifunika kwa miaka mingi, msitu wa asili umekatwa, panya wamejaa. Sitaki nimtwike mtu mmoja mzigo wa serikali mbili. Na wala siyo kweli, kama wengine wanavyopenda kusema, kwamba kobe waliuza watu: Diego Garcia ilikuwa kwenye orodha ya Wamarekani muda mrefu kabla ya Aldabra kufutwa. Lakini angalia jinsi macho yanavyofanya kazi. Kilichoifanya Diego Garcia isiwe ya thamani kwa mtafiti ni kilekile kilichoifanya iwe ya thamani kwa wenyeji: watu walikuwa wameishi pale, wamepanda, wamekata, wamejenga.

Kuanzia 1968 Wachagos waliokwenda Morisi kwa matibabu au kuwatembelea ndugu waliambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Vyakula na dawa visiwani vikapunguzwa. Mwaka 1971 likaja amri: hakuna mtu kuishi humo bila kibali. Mbwa wa Diego Garcia wakakusanywa, wakafungiwa ndani ya jengo la kukaushia nazi na kuuawa kwa moshi wa magari, watoto wakisikia. Watu wakapakiwa kwenye meli Nordvaer pamoja na shehena, wengine wakashushwa Shelisheli, wengine Morisi, bandarini tu, bila nyumba. Wa mwisho waliondolewa Peros Banhos mwaka 1973.

Nani aliwahesabu? Chagos haikukosa wataalamu. Misafara ya utafiti iliendelea kwenda huko miaka ya 1970 na baadaye, ikipima matumbawe ambayo ni kati ya yaliyo salama zaidi duniani. Salama, kwa sehemu, kwa sababu wavuvi wake walikuwa wanalala kwenye vibanda vya Port Louis. Tarehe 1 Aprili 2010 Uingereza ikaitangaza Chagos kuwa hifadhi ya bahari, mojawapo ya kubwa kabisa duniani wakati huo, uvuvi marufuku. Vyama vya mazingira vikashangilia. Mwishoni mwa mwaka huo WikiLeaks ikatoa waraka wa ubalozi wa Marekani unaoeleza jinsi afisa wa Uingereza alivyowahakikishia kwamba hifadhi hiyo itafanya iwe vigumu kwa wenyeji kurudi. Mwaka 2015 jopo la usuluhishi la kimataifa likaamua kwamba Uingereza ilivunja sheria ya bahari kwa jinsi ilivyoitangaza bila kuheshimu haki za Morisi.

Ndiyo maana nikiona tangazo la kulinda matumbawe huwa nauliza swali la kishamba: hapo mahali, nani alikuwa anavua?

Swali hilo tunalo hata hapa nyumbani. Mwaka 1989 vijana wa kujitolea kutoka Uingereza, chini ya mradi wa Frontier, walianza kuja Tanzania kufanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Mafia walizama kwa miaka kadhaa wakiandika matumbawe, majani ya bahari na samaki. Kazi yao ni sehemu ya iliyowezesha Hifadhi ya Bahari ya Mafia kuanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna yake nchini, baada ya sheria ya 1994. Ilikomesha baruti nyingi, na wenyeji wengi walioteswa na wavuvi wa baruti wa kutoka nje waliiunga mkono. Lakini hifadhi ya Mafia ina watu ndani yake, ina Chole, Juani, Jibondo, na Jibondo walivutana nayo kwa miaka mingi kuhusu nyavu na maeneo ya kuvulia. Uvutano huo ni mzuri, nauchukulia kuwa dalili ya afya. Maana yake watu wapo, wana midomo, na afisa wa hifadhi akitaka kupiga marufuku lazima kwanza akae mkekani asikilize matusi.

Turudi Aldabra, maana kazi ya kuhesabu haikuisha 1967. Royal Society ilijenga kituo cha utafiti Picard mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shelisheli ilipopata uhuru tarehe 29 Juni 1976 ikarudishiwa visiwa vyake vitatu vilivyonyofolewa. Aldabra ikakabidhiwa kwa taasisi ya Shelisheli yenyewe, na mwaka 1982 UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia. Kobe sasa wanakadiriwa kufika 100,000. Kasa, ambao walichinjwa kwa miongo na kusafirishwa nje mpaka walipolindwa mwaka 1968, mataga yao yameongezeka zaidi ya mara nne. Huwezi kulijua hilo kama hakuna mtu aliyekuwa anatembea ufukweni kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, akihesabu alama za matambazi kwenye mchanga. Hiyo ndiyo kazi hasa. Haina picha nzuri. Ni daftari, jua na mbu.

Mwaka 2019 ilifanyika safari iliyonivutia kuliko zote. Vijana 12 wa kujitolea, baadhi Washelisheli na baadhi kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, walikaa Aldabra wiki 5 wakiokota taka. Hakuna anayeishi kule zaidi ya watu wachache wa kituo, lakini fukwe zilikuwa zimejaa plastiki. Walitoa tani 25 hivi. Kisha wakafanya jambo la kisayansi: wakatumia walichookota kukadiria kilichobaki. Jibu, lililochapishwa 2020, lilikuwa tani 513. Kwa uzito, asilimia 83 ilikuwa zana za uvuvi, kamba na nyavu, na nyingi zinaelekea kuwa za meli kubwa za kigeni za jodari. Na kandambili? Walikadiria 360,000. Kandambili laki tatu na sitini elfu, kisiwa kisicho na miguu ya kuzivaa! Kuisafisha Aldabra yote kungegharimu dola milioni 4.68 na saa 18,000 za kazi.

Najua mnachowaza, kwamba hizo ndala ni zetu, kutoka Manzese na Mombasa. Mimi pia lilikuwa wazo la kwanza. Lakini utafiti wa mikondo ya bahari uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba taka za nchi kavu zinazofika Shelisheli zinatoka zaidi Indonesia, zikisafiri kwa miezi hadi miaka kuvuka bahari nzima, halafu India na Sri Lanka. Bili, hata hivyo, inabaki kwa Shelisheli, nchi yenye watu wanaoweza kuenea Temeke na nafasi ikabaki.

Kinachonipendeza katika safari ile ni kwamba nusu ya kikosi walikuwa vijana wa nchi yenyewe. Mshelisheli wa kawaida hajawahi kuiona Aldabra. Ni mbali na ni ghali. Kwa miaka mingi waliokijua kisiwa kile ni wageni wenye barua ya chuo, na vibarua. Nimeona pia jinsi kujuana huko kunavyosaidia wakati wa vita vipya. Mwaka 2018 serikali ya Shelisheli ilitaka kuipa India nafasi ya kujenga kituo cha kijeshi katika kisiwa cha Assumption, kilomita chache tu kusini mwa Aldabra. Safari hii walioandamana Victoria na kupiga kelele hawakuwa maprofesa wa London. Walikuwa Washelisheli wenyewe, na mkataba haukupita bungeni.

Kuhusu Chagos, mambo yalisogea polepole, kisha haraka. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya rais wake Msomali, Jaji Abdulqawi Yusuf, ilitoa maoni kwamba Chagos ilitengwa na Morisi kinyume cha sheria. Miezi mitatu baadaye nchi 116 zikapiga kura Umoja wa Mataifa kukubaliana na hilo, 6 zikapinga. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kuirudishia Morisi mamlaka, huku Diego Garcia ikibaki kuwa kambi kwa miaka 99. Wachagos wengine walishangilia, wengine walilalamika kwamba safari hii tena hakuna aliyewauliza.

Lakini safari ninayotaka niwaachie ni ya Februari 2022. Morisi ilikuwa na kesi ya mipaka ya bahari dhidi ya Maldivi, na ili kuthibitisha hoja yake ilihitaji kupima mwamba mmoja uitwao Blenheim Reef, kaskazini mwa Chagos: je, maji yakipwa unatokeza, yakijaa unafunikwa? Ikakodi meli, Bleu de Nîmes, ikaondoka Shelisheli na wapimaji na vyombo vyao. Safari ya utafiti wa bahari kama zile nyingine zote. Tofauti ni kwamba ndani yake walikuwemo Wachagos watano. Mmoja ni Olivier Bancoult, aliyeishitaki Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Mwingine ni Liseby Elysé, mama aliyeondolewa Peros Banhos mwaka 1973 akiwa na ujauzito na ambaye mtoto wake hakuishi. Ushahidi wake kwa video ulisikilizwa The Hague mwaka 2018.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Wachagos kufika kwao bila kusindikizwa na Mwingereza. Wapimaji walishughulika na mwamba wao, kupwa na kujaa. Mama Elysé aliteremka Peros Banhos.